Chupa Namba Tisa na Kijiko cha Babu

Nimeshindwa kungoja. Nguo za jana bado ziko sakafuni zinanuka siki na moshi wa soseji, midomo inaniwaka mpaka sasa hivi, na tangu asubuhi nimempigia simu kila ninayemjua, wengine mara mbili. Mama yangu kule Houston ameniambia kwanza nipumue. Nimepumua. Sasa nawaandikia nyinyi ambao sijawafikia kwa simu.

Habari yenyewe ni hii: mchuzi wa pilipili wa Babu umerudi. Nikianza mwanzo itabidi nikiri jambo la aibu, lakini leo nina furaha kiasi kwamba hata aibu naiona nzuri, kwa hiyo naanza mwanzo.

Babu yangu, Eraste Trahan, alifariki mwezi wa Februari, wiki moja kabla ya Kwaresima. Kwenye banda la nyuma alikuwa na gudulia la udongo, kubwa, linanifika magotini. Ndani yake mlikuwa na rojo la pilipili nyekundu na chumvi lililokuwa linachachuka tangu kabla Mama hajazaliwa. Kila mwaka pilipili zikiiva alikuwa anatoa nusu ya rojo, anachuja, anatia siki, anajaza chupa. Ile nusu inayobaki anailisha pilipili mpya na maganda ya machenza aliyoyaning'iniza juu ya moshi mpaka yakawa meusi. Hakuandika popote. Ukimuuliza kiasi gani, anakuonyesha kiganja chake.

Sasa kwetu mjane hafagii nyumba yake mwezi wa kwanza. Wanawake wa parokia wanakuja na mafagio yao, wanasugua kila kitu, wanaacha nyumba inanukia limau. Walikuja, Mungu awabariki, wakasafisha mpaka banda. Siku hizi watu wengi wanachemsha mchuzi wao siku moja wakamaliza, wala hawajui rojo la zamani linafananaje. Wakakuta gudulia limefunga utando wa kijivu juu, wakasema maskini Eraste ameacha kitu kimeoza, wakalimwaga mtoni. Kwa upendo kabisa. Halafu wakalisugua gudulia likang'aa, wakapanda maua ndani yake, wakaliweka barazani ili mjane apate kitu cha kumfurahisha.

Bibi Verlie alipoyaona yale maua alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akalia. Wale wanawake hakuwaambia kitu. Mpaka leo wanamuuliza maua yanaendeleaje, naye anasema yanaendelea vizuri.

Zikabaki chupa sita. Bibi anakula mayai mawili kila asubuhi, na juu ya mayai matone manne ya mchuzi wa Babu, si matano. Hajawahi kuwa mtu wa kuongea na picha ukutani. Yeye na Babu walikuwa wanakutana pale kwenye mayai. Kufika Agosti ilibaki chupa moja, tena nusu.

Hapo ndipo ninapoingia mimi na elimu yangu.

Nasoma sayansi ya vyakula chuo kikuu, mwaka wa tatu, na mtu wa mwaka wa tatu anaamini kila kitu kinapimika. Jumapili moja Bibi akiwa misani nikaichukua ile chupa, nikaifunga kwenye soksi, nikaenda nayo chuoni. Niliwaza nitaipima, nitaijua siri yake, na Krismasi nitarudi na ndoo nzima. Nilipima uchachu, nilipima chumvi, nilipima mpaka vitu ambavyo Babu angecheka kusikia vina majina. Namba zilitoka safi, mwalimu akanisifu. Nikatengeneza mchuzi kwa namba zile. Ukatoka mwekundu, mkali, sawasawa kabisa, na hamna mtu ndani yake.

Robo ya chupa iliyobaki niliiweka kwenye friji ya bweni bila kuandika jina. Ninayeishi naye chumba kimoja anaitwa Britt, katokea Minnesota, binti mwema sana ambaye kwao hata pilipili manga wanaiogopa. Akaimalizia kwenye piza. Aliniambia ilikuwa tamu ila imemtoa machozi. Nami nikatoa yangu.

Basi tangu mwisho wa Agosti, kila nikija nyumbani mwisho wa wiki, Bibi anakula mayai makavu. Hakuniuliza chupa iko wapi. Alikuwa anaweka chumvi kidogo, anakata yai, anatafuna, anaangalia nje. Ningeshukuru kama angenitandika na mwiko. Nilijaribu kusema mara tatu, na kila mara niliishia kumsifia mkate.

Ndipo Bi Lurlene Doucet akapiga simu.

Bi Lurlene alipika chakula cha shule yetu miaka thelathini na moja, na sasa ndiye mkuu wa meza ya waamuzi kwenye sikukuu ya parokia, ile ya Oktoba. Babu alikaa kwenye meza hiyo miaka ishirini na miwili, na kwa sababu alikuwa mwamuzi hakuwahi hata siku moja kushindanisha mchuzi wake. Bi Lurlene hakuniomba wala nini. Aliniambia kiti cha babu yangu kiko wazi, kwamba amesikia nasomea chakula kana kwamba chakula kinahitaji kusomewa, na kwamba nifike saa sita nikiwa sijapaka rangi ya mdomo. Nikasema sawa, mama. Nilipokata simu nilirukaruka jikoni mpaka Bibi akaja kuangalia kama kuna nyoka.

Bibi alikwenda chumbani, akarudi na kijiko cha Babu, kile cha mti alichokichonga mwenyewe, maana alikuwa anasema kijiko cha chuma kinasema uongo kikigusa pilipili. Akanipa. Kilikuwa chepesi kama hakipo.

Kabla sijaendelea, inabidi mjue sheria mbili za ile meza, la sivyo hamtaelewa kilichonipata.

Ya kwanza ni kulaza kijiko. Kwetu watu wote ni ndugu, na ndugu wote wanapika, kwa hiyo haiwezekani ukaonja chupa kumi na nne usiijue hata moja. Chupa zina namba tu, hazina majina. Lakini ulimi ukikuambia hii ni ya nyumbani kwenu, unakilaza kijiko kifudifudi mezani, husemi neno, unaondoka, na wawili waliobaki wanamalizia. Babu aliwahi kulaza kijiko kwa jemu ya dada yake mwenyewe, akijua wenzake hawaipendi. Shangazi-bibi huyo alimnunia mpaka Pasaka.

Ya pili ni kwamba waamuzi hawalipwi. Kinachobaki ndani ya chupa wanagawana. Na aliyelaza kijiko hana fungu.

Jana basi. Ukumbi wa parokia umejaa, keno, ule mchezo wa kuitiwa namba, inaitwa kule pembeni, watoto wamebandika sukari kila mahali. Bibi alikuwa kwenye meza ya keki anauza vile vipai vyake vya maziwa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na mle ndani Mzee Adley Meaux alikuwa anakoroga sufuria kubwa la wali wa soseji kwa kasia, kama kila mwaka.

Huyu Adley mumjue. Zamani yeye na Babu walikuwa wanaazimana hata soksi. Kisha ikaja jioni moja ya karata, miaka tisa iliyopita, wanashindania bata wawili wa moshi, Babu akasema Adley ameficha karata aliyotakiwa kuitoa. Adley akasema hakuficha. Wakaachana hapohapo. Miaka tisa wamesali kanisa moja, mmoja kulia mwingine kushoto, bila salamu. Hata kwenye mkesha wa msiba hakuja. Watu walikuwa wanaangalia mlango mpaka asubuhi.

Nikakaa kwenye kiti cha Babu. Kushoto kwangu Bi Lurlene, na miwani yake ya kamba. Kulia Padri Thuan, aliyetoka Vietnam akiwa mdogo na ambaye, nawaambieni, ulimi wake umekatwa kwenye ngozi ya kiatu. Mbele yetu wali mweupe, mayai ya kuchemsha, biskuti za chumvi na jagi la maziwa ya mgando.

Tukaanza na jemu za pilipili, maana ukianza na moto mkali jemu hutaisikia tena. Jemu ya nne ilikuwa nzuri, tamu mbele, moto unakuja baadaye taratibu kama mtu mwenye heshima anayebisha hodi. Ya sita Bi Lurlene aliionja akasema huyu alikuwa anatengeneza pipi, akaghairi katikati. Nikaenda kwenye haradali, nikaenda kwenye sosi za mayonezi za kulia kamba wa mtoni, ambapo mtu mmoja alikuwa ametia kachumbari ya tango ya sukari na Padri Thuan akafumba macho kwa muda mrefu. Nikadhani anaonja, kumbe anasamehe.

Nilikuwa nafanya kazi vizuri, jamani. Niliandika rangi, harufu, siki, moto, na kinachobaki mdomoni ukishameza. Bi Lurlene alichungulia karatasi yangu akaguna kwamba mwandiko ni wa daktari lakini maneno yana akili. Nilikuwa karibu kuelea.

Mwisho zikaja chupa za mchuzi wenyewe, kumi na nne. Unadondosha matone juu ya kipande cha yai, unakula, unangoja, unaandika. Ya kwanza siki tupu. Ya tatu ilikuwa na kitunguu saumu ambacho kingefukuza mbu wa bonde zima. Ya tano ilikuwa kali kwa ubishi tu, na Bi Lurlene akasema moto huu haukulelewa. Padri akaomba aongezewe.

Namba tisa ilikuwa kwenye chupa nyembamba isiyo na kitu cha kuangalia. Nikadondosha matone. Nikagundua baadaye kwamba nilidondosha manne.

Chumvi kwanza. Kisha ukali, si wa kurukia, wa kukaa. Halafu chini kabisa, wakati nimeshameza na nimeanza kuandika neno "rangi", likapanda ganda la chenza la moshi, na nyuma ya chenza kitu kizee ambacho hakina jina, kitu cha banda, cha mlango wa mbao uliolowa mvua, cha mkono wa Babu ukinionyesha kiganja. Kalamu ikasimama. Nilihisi masikio yanawaka. Nikataka kusimama juu ya kiti nipige kelele na wakati huohuo nikataka kuingia chini ya meza.

Nikala kipande cha pili kuhakikisha. Haikuhitaji.

Sasa nifikirieni mimi pale. Mbele yangu chupa karibu imejaa. Nani kaileta sijui, kaipata wapi sijui. Hatua ishirini kutoka pale amesimama Bibi Verlie, mwezi na nusu anakula mayai makavu kwa sababu yangu. Nikinyamaza, nikiandika namba zangu kama mtu mwema, saa moja baadaye tunagawana chupa na mimi nachukua ya tisa, hakuna atakayeuliza. Bi Lurlene alikuwa ameshasema yeye anataka jemu. Padri anataka ile ya tano isiyolelewa. Nikilaza kijiko, chupa ile inakwenda kwa yeyote, na mimi narudi nyumbani mikono mitupu kumwangalia Bibi akitia chumvi kwenye yai.

Tena niliweza kujidanganya vizuri. Huu si wa nyumbani kwetu, nilijiambia, wetu ulimwagwa mtoni, watu wote wanajua. Hakuna sheria inayosema ulaze kijiko kwa mchuzi uliokufa.

Lakini kile kijiko nilichokishika kilikuwa chake. Kilikuwa kimechakaa upande mmoja tu, ule wa kulia, mahali meno yake yalipokuwa yanagusa. Na nilikuwa nimeshamwibia Bibi chupa moja, ya pili sikuiweza.

Nikakilaza kifudifudi. Bi Lurlene akaniangalia juu ya miwani. Padri Thuan akaacha kutafuna. Sikusema neno, sheria ni hiyo, nikainuka nikatoka kupitia mlango wa jiko nikiwa sioni vizuri, nikapishana na Mzee Adley aliyekuwa amesimama na kasia lake mlangoni, badala ya kuwa kwenye sufuria. Nakumbuka niliona mdomo wake unacheza. Nikadhani anatafuna soseji.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma karibu saa nzima. Mimi, ambaye siwezi kukaa na siri kwa muda wa kuchemsha yai. Nilikula biskuti za chumvi zilizokuwa mfukoni, nikahesabu magari, nikamwambia mbwa wa mtu habari yote. Kumwambia Bibi nilikatazwa mpaka washindi watangazwe, na hata ningeruhusiwa ningesema nini? Kwamba nimemwona Babu lakini nimemwacha ndani?

Kisha nikasikia Padri Thuan anagonga kipaza sauti, nikaingia nikasimama ukutani.

Jemu akashinda mke wa mwenye duka la chambo. Haradali, mapacha wa Guidry, wakaanza kugombania utepe palepale. Padri akafungua bahasha ya mwisho. Alisoma kimya, akageuza kadi kuangalia nyuma yake, akamwonyesha Bi Lurlene. Bi Lurlene akavua miwani.

"Mchuzi wa pilipili," Padri akasema, "chupa namba tisa. Eraste Trahan."

Mwita keno aliacha namba mdomoni. Kule kwenye meza ya keki Bibi alikuwa anamfungia mtu kipai kwenye karatasi, na mikono yake ikasimama hivyo, karatasi imekunjwa nusu. Watu walianza kugeuka kuniangalia mimi, na nikatikisa kichwa, si mimi, si mimi.

Mzee Adley akatoka jikoni. Alikuwa ameacha kasia lakini hakujua aweke wapi mikono, akaiweka kwenye kofia. Akaenda moja kwa moja mbele ya meza ya keki. Ni mtu mrefu, na alisimama kama anayengoja kupimwa suti.

"Verlie," akasema. "Ni nusu yake."

Adley akaendelea, na nilikuwa nimeshasogea karibu kiasi kwamba nilisikia yote. Mnajua kwetu bondeni kimbunga kikishapewa jina tu, wanaume wanagawa rojo, nusu inabaki nyumbani, nusu inapelekwa kwa mtu anayeishi kwenye mwinuko, ili maji yakichukua moja jingine libaki. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa, nikiwa darasa la tatu, Babu alipeleka nusu kwa Adley. Nusu inakaa huko na mwenye nyumba anailisha, ndiyo desturi, mpaka mwenyewe aiite. Kisha ikaja ile jioni ya karata. Babu hakuiita. Adley hakuirudisha. Na kila Oktoba, miaka yote tisa ya kununiana, akawa anachuma pilipili na kukausha maganda ya machenza na kuilisha nusu ya mtu asiyemsalimia.

"Nilidhani uliitupa," Bibi akasema.

"Nilitaka. Mara mbili niliibeba mpaka mtoni."

"Sasa ikawaje?"

"Ilikuwa inanukia vizuri."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Adley akasema alisikia gudulia la nyumbani limemwagwa. Alitaka kuja Machi, akafika mpaka kwenye geti, akayaona yale maua, akageuka. Mtu asiyekuja kwenye msiba anaanzaje kubisha hodi? Kisha akasikia mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti. Akajaza chupa moja, akaandika jina la mwenyewe, Eraste, kwa kuwa sasa angalau si mwamuzi tena na anaruhusiwa kushindana. Akajiwekea sharti.

"Nilisema mtoto akiijua, naenda kwa Verlie hata akinifukuza na ufagio. Asipoijua, basi nimebaki peke yangu ninayeijua, na nitaizika siku nitakayozikwa." Akanielekeza kidole bila kunitazama. "Nikasimama pale mlangoni. Nikaona kijiko kinalala."

Nyinyi mnaelewa? Ningenyamaza, ningepata chupa moja. Matone manne kwa siku, ingefika Krismasi labda. Na Mzee Adley angerudi kwake na kufunga mlango. Nikashika meza, nikaweka mkono kwenye kipai.

Ukumbi wote ulikuwa unamngoja Bibi. Yeye akamaliza kukunja ile karatasi, akampa mteja kipai chake, akajifuta mikono.

"Adley," akasema, "wali wako unaungua."

Na kweli ulikuwa unaungua. Alikimbia, mzee wa miaka sabini na tisa, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko, mwita keno akarudia namba aliyokuwa ameimeza. Bibi akampigia kelele mgongoni kwamba aje kesho baada ya misa ya saa moja, na kwamba mayai hayamngoji mtu.

Kwenye kugawana nilimwendea Bi Lurlene kwa sauti yangu nzuri kabisa. Nikamwambia hali ilivyo, nikamwomba namba tisa. Alikuwa ameshaitia kwenye mkoba. Akanipigapiga shavu.

"Kijiko umelaza, sha, mwanangu. Chupa ni yangu. Babu yako angekuaibisha hapa mbele za watu kwa kuomba tu."

Kisha akasema angetoa kijiko kimoja cha jemu ya nne kwa hisani, na akanipa.

Leo asubuhi Mzee Adley alikuja. Gudulia alikuwa amelikalisha kiti cha mbele cha gari, amelifunga blanketi na mkanda. Mimi na yeye tukalibeba mpaka jikoni, na Bibi akafunua kitambaa. Juu kulikuwa na utando wa kijivu, uleule. Akausogeza na upande wa kijiko, na chini yake kulikuwa kwekundu kama siku ya kwanza.

Lakini kabla hajala, nikasema. Sikuweza kumwacha ale na lile jambo likiwa limekaa katikati yetu. Nikasema chupa niliichukua mimi, soksi, maabara, Britt, piza, yote kwa pumzi moja. Mzee Adley akatazama dari.

Bibi alikuwa anapasua mayai kwenye kikaango. "Kwenye rafu kulibaki duara la vumbi," akasema. "Na soksi yako moja haikurudi kwenye kufua. Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaufuata mchuzi wa babu yako. Ningekukatazaje?" Akageuza yai. "Lakini huyo msichana wa piza mlete hapa. Mtu aliyelia na Eraste hawezi kukaa hajui kula kamba."

Akaweka sahani tatu. Adley alikuwa amekuja na chupa ndogo aliyochuja alfajiri. Bibi akaishika, akadondosha moja, mbili, tatu, nne. Akakata yai, akala. Hakuangalia nje. Alitafuna polepole sana, na mimi na Mzee Adley tulikuwa tumekaa kama watoto wa komunyo ya kwanza.

"Chumvi imezidi," Bibi akasema.

"Haijazidi."

"Eraste alikuwa anatia kiganja kimoja. Wewe una kiganja kikubwa kuliko chake."

Adley akaufungua mkono wake wa kulia akautazama. Kusema kweli ni mkono kama koleo. Akasema miaka yote hii hakuwahi kufikiria hilo. Bibi akadondosha tone la tano, ambalo sijawahi kumwona akidondosha maishani mwangu, akasema si mbaya, utazoeleka. Machozi yalikuwa yanamteremka na hakuyafuta, na akamwambia Adley kama mtu yeyote atauliza, aseme ni pilipili.

Baadaye tukatoka barazani. Nikayang'oa yale maua kwa uangalifu, nikayahamishia kwenye ndoo, maana wale wanawake watapita na watauliza. Nikaliosha gudulia la Babu kwa maji ya moto mara tatu. Kisha tukamimina. Mzee Adley alilishika la kwake nami nikashika la kwetu, na rojo likawa linashuka zito, jekundu, linatoa ile harufu ya banda, na nikawa nashukuru kwa sauti bila kujijua, nashukuru kimbunga, nashukuru karata, namshukuru mpaka Britt. Mzee Adley akaniambia nisimtikise.

Lilipofika katikati akainua gudulia lake.

"Basi. Nusu."

Bibi akiwa mlangoni akasema aongeze kidogo, kwani si ni ya mumewe.

"Nusu," Adley akasema. "Ingine inarudi kwangu kwenye mwinuko. Msimu wa vimbunga haujaisha."

Bibi akamtazama, akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Akarudi na pakiti ya karata.